Sura ya Tano: Milango ya Greenham

Watu watokao majumbani mwao kwa hiari, wakapiga mahema mbele ya lango la jeshi au katikati ya mji mkuu wa dola, wakaapa kwamba hawatabanduka mpaka dhuluma fulani iondoshwe, huandikwa na rafiki zao kana kwamba wote walikuwa na moyo mmoja, na huandikwa na adui zao kana kwamba walikuwa genge la wagomvi wasiojua watakalo; na maandishi ya namna zote mbili husitiri jambo ambalo aliyewahi kuishi kambini hulijua kabla ya kumaliza juma lake la kwanza, nalo ni kwamba ugomvi ulikuwapo tangu siku ya kuchimba mashimo ya vyoo, na kazi ikaendelea pamoja nao. Mwenye kutaka kufahamu mambo haya hana budi kuuliza ugomvi ulitokana na nini, ulipewa nafasi gani, na ni saa ngapi uligeuka kuwa shaka, yaani ile hali ambamo mtu haangalii tena kama shauri la mwenziwe ni zuri au baya, bali anajiuliza mwenziwe huyo ametumwa na nani. Hatua hiyo ya kutoka katika kupingana hadi kushukiana ndiyo nitakayoifuata katika sura hii, na nitaifuata zaidi katika kambi ya wanawake wa Greenham Common, nchini Uingereza, kwa kuwa ilidumu miaka 19, na kwa kuwa waliokaa pale waliandika mengi juu ya nafsi zao, wakapingana hata katika maandishi hayo.

Asili ya kambi yafaa ielezwe, japo kwa ufupi. Mwezi wa Desemba 1979 mataifa ya mkataba wa NATO yaliamua kuweka katika Ulaya ya Magharibi makombora mapya ya nyuklia ya Kimarekani, na serikali ya Uingereza ikaridhia kwamba 96 kati ya hayo yawekwe Greenham Common, uwanja wa ndege za kivita uliokuwa karibu na mji wa Newbury. Tarehe 27 Agosti 1981 wanawake 36, wakifuatana na wanaume wanne na watoto kadhaa, waliondoka Cardiff, mji mkuu wa Wales, wakaenda kwa miguu zaidi ya maili 100, wakawasili kwenye lango kuu la uwanja ule tarehe 5 Septemba. Hawakuja kwa nia ya kukaa. Walitaka serikali ikubali kujadiliana nao hadharani juu ya makombora, mbele ya televisheni, na baadhi yao wakajifunga minyororo kwenye uzio ili wapate kusikilizwa. Serikali ilipowanyima jawabu, wakabaki, na kubaki kule kukazaa kambi ambayo haikuwa imetungiwa katiba, wala haikuwa imechaguliwa kiongozi, wala mhazini.

Jambo hili la mwisho lina uzito kuliko lionekanavyo. Chama kina orodha ya wanachama, na mwenye kujiunga nacho hupewa kadi, akajua haki yake ni ipi na wajibu wake ni upi; kambi haina orodha, na yeyote aketiye kando ya moto akanywa chai ni mkaazi maadam yupo. Aliyekaa miezi sita anajua maji yanachotwa wapi, mwandishi gani wa gazeti ni mkweli, wakili gani hutetea bila malipo, na ni afisa gani wa polisi mwenye mkono mzito. Aliyefika jana hajui lolote katika hayo. Kwa hiyo huyu wa zamani anakuwa na mamlaka bila ya kuchaguliwa, na aghlabu bila ya yeye mwenyewe kutambua kwamba anayo. Mwandishi wa Kimarekani Jo Freeman aliwahi kulieleza jambo hili mapema katika miaka ya 1970, akisema na wanawake wenziwe wa harakati, kwamba kundi lijitapalo kuwa halina wakubwa huwa nao kama makundi mengine, isipokuwa wakubwa wake hawajulikani kwa jina, na asiyejulikana kwa jina hawezi kuulizwa wala kuondolewa. Greenham walifanya maamuzi yao kwa kuketi duara na kuzungumza mpaka wote waafikiane, bila ya kupiga kura. Nao ni utaratibu wenye heshima kubwa, kwa maana haumzimi mchache kwa wingi wa wengine, lakini una kasoro yake, kwamba mwenye kuchoka mapema hushindwa na mwenye subira ya kukesha, na aliyekuwa kifungoni katika gereza la wanawake la Holloway juma lile hurudi akakuta mambo yamekwisha kukatwa.

Mfarakano mkubwa wa kwanza uliwahusu wanaume. Miezi ile ya mwanzo walikuwapo kambini, wengine wakifanya kazi kwa bidii, na hakuna haki katika kuwasema wote vibaya. Lakini wanawake waliona kwamba waandishi wa magazeti na maafisa wa polisi wakifika hutafuta mwanamume wa kuzungumza naye, kwamba vyombo vya jikoni huoshwa na wale wale, na kwamba siku madalali wa mahakama watakapokuja kuwatoa kwa nguvu, wanaume huenda wakarudisha pigo kwa pigo, na hapo ahadi ya kutotumia mabavu itakuwa imevunjwa mbele ya kamera za dunia nzima. Mwezi wa Februari 1982 ikaamuliwa kwamba kambi iwe ya wanawake peke yao. Baadhi ya wanaume waliondoka kwa uchungu, na miongoni mwa wanawake wenyewe wako walioona kwamba vita vya nyuklia ni janga la wanadamu wote, na kumfukuza mtu kwa ajili ya jinsia yake ni kuanza amani kwa dhuluma. Mimi nauona uamuzi ule kuwa ulikuwa wa busara, kwa sababu ulitolewa hadharani na sababu zake zikatajwa, na asiyeuridhia alijua ni nini hasa asichokiridhia. Lakini sikubali kwamba ulikuwa mwepesi, wala kwamba waliopinga walikuwa wajinga.

Baada ya hapo kambi ikakua kwa namna isiyokadirika. Tarehe 12 Desemba 1982 wanawake wapatao 30,000 walikuja wakashikana mikono kuuzunguka uzio wote, ambao urefu wake ulikuwa maili tisa, na alfajiri ya tarehe 1 Januari 1983 wanawake 44 wakaupanda kwa ngazi, wakaingia ndani, wakacheza ngoma juu ya maghala yaliyokuwa yakijengwa kwa ajili ya makombora. Kambi moja ya mbele ya lango kuu haikuweza tena kuwatosha wote waliotaka kubaki, na zaidi ya kutotosha kwa nafasi, tabia zao hazikulingana. Ndipo wakaanza kutawanyika kwenye malango mengine ya uwanja ule, na kila lango likapewa jina la rangi, kama rangi za upinde wa mvua. Lango kuu likawa la Manjano. Lango la Kijani, lililokuwa mwituni, likawa la wasiotaka mwanamume afike hata kwa ziara ya mchana. Lango la Urujuani likajulikana kwa watu wa dini. Buluu likawavuta vijana na wanawake wa tabaka la wafanyakazi, ambao walichoka kufundishwa namna ya kusema na wenzao waliotoka vyuoni. Na penginepo wakakaa wazee kwa wingi, waliopenda kuimba na kulala mapema.

Wasimulizi wengi hupita hapa upesi, wakayataja malango haya kama pambo la kupendeza, rangi juu ya rangi. Kwa maoni yangu, hilo ndilo lililoifanya kambi isivunjike katika miaka yake mitano ya mwanzo. Mwanamke aliyeona kwamba hawezi tena kuketi na mwenziwe kwenye moto mmoja, kwa sababu huyu hula nyama na yule haivumilii harufu yake, au huyu ni Mkristo na yule huabudu mwezi, au huyu anapenda wanawake wenziwe na yule ameacha mume na watoto nyumbani na hajui aseme nini, hakulazimika ama kushinda ama kuondoka. Alichukua blanketi lake akaenda mwendo wa maili moja au mbili kando ya uzio, akawakuta wengine wa tabia yake, na siku msafara wa makombora ulipotoka usiku kwenda mazoezini, wote walikuwa bado wako pale pale, upande huu na upande ule wa adui yuleyule. Masafa yaliwafanyia kazi ambayo mapatano yasingaliweza kuifanya. Wala usidhani kwamba walipendana kwa kuwa mbali: lango hili lilitetana na lile, kila moja likadai kwamba ndilo lenye kubeba moyo halisi wa Greenham. Lakini kuteta ni jambo dogo, maadam atetwaye anajulikana kuwa ni wa kwetu.

Kitu ambacho masafa hayakuweza kukitibu ni fedha. Barua na hundi zilikuja kutoka kila pembe ya Uingereza na nchi za mbali, za bibi aliyetuma pauni moja katika pensheni yake na za vyama vilivyotuma mamia, nazo kwa kawaida zilifikia lango kuu, kwa kuwa ndilo lililojulikana. Walioketi hapo ndio waliozifungua, na hata wakizigawa kwa uadilifu kamili, walioketi mwituni hawakuona kwa macho yao zilivyofunguliwa. Nani alipe nauli ya mashahidi wa kesi? Je, fedha zinunue turubai au gari la kufuata misafara ya makombora? Mwenye kupokea posho ya serikali kwa kukosa kazi ale kutoka hazina moja na mwenye mume mwenye mshahara? Mikutano ya fedha ikawa ndiyo inayochukiwa kuliko mikutano yote, na hapo ndipo lugha ilipoanza kubadilika, kutoka katika kusema kwamba jambo hili halifai hadi kusema kwamba fulani ana lake. Nasema haya kwa masikitiko, maana dawa yake ilikuwa nyepesi kuliko dawa ya maudhi mengine yote: daftari la hesabu linalosomwa mbele ya watu wote, na kuaminiwa kwa watu wawili watatu wanaobadilishwa kila baada ya muda. Watu waliokuwa na ujasiri wa kulala chini ya plastiki katika theluji waliona daftari kuwa ni mambo ya serikali na makampuni.

Fedha na malazi ni ndugu katika jambo hili, na mfano ulio wazi zaidi wa malazi ni ule wa Washington mwaka 1968. Martin Luther King aliuawa tarehe 4 Aprili akiwa katika kuiandaa Kampeni ya Maskini, na wenziwe, wakiongozwa na Ralph Abernathy, wakaona si uungwana kuiacha; katikati ya Mei wakajenga vibanda vya mbao kwenye bustani kubwa ya taifa, karibu na jumba la ukumbusho wa Lincoln, wakauita mji wao Resurrection City, yaani Mji wa Ufufuo, wenye baraza lake na namba yake ya posta, na ulipojaa ulikuwa na watu wapatao 2,500. Mvua ikanyesha, ikanyesha tena, vibanda vikazama topeni, na maskini waliotoka Mississippi wakawa wanawatazama viongozi wao wakiondoka jioni kwenda kulala hotelini. Viongozi walikuwa na udhuru wao, maana mwenye kuzungumza na mawaziri ahitaji simu na nguo kavu; lakini udhuru wa kweli hauondoi uchungu wa mwenye miguu iliyolowa. Wamarekani wenye asili ya Meksiko, waliokuja na akina Reies Tijerina na Rodolfo Gonzales, hawakuhamia kabisa katika Mji wa Ufufuo, wakabaki katika shule ya Hawthorne, wakinung'unika kwamba rai yao huulizwa wakati uamuzi umekwisha kutolewa. Vijana waliopewa ulinzi wakashutumiwa kwa kuwaudhi wakaazi, wengi wao wakarudishwa makwao. Bayard Rustin, ambaye mwaka 1963 aliyapanga maandamano makuu ya Washington kwa ustadi wa ajabu, alijiuzulu kazi ya kuiandaa siku kuu ya kampeni kabla haijafika. Tarehe 24 Juni, ruhusa ilipokuwa imekwisha, polisi wakauvunja mji ule, na ndani ya wiki sita watu wakawa wamefarakana kiasi ambacho Greenham hawakukifikia katika miaka mitano. Pale Washington hapakuwa na lango la pili la kuhamia. Palikuwa na tope moja na hoteli moja.

Sasa niingie katika habari ya majasusi, ambayo msomaji bila shaka ameingoja, kwa kuwa ndiyo husimuliwa kwanza kila inapotajwa shaka ya kambini. Majasusi walikuwapo. Huo si uzushi wa watu wenye wasiwasi. Katika Marekani, shirika la FBI chini ya J. Edgar Hoover liliendesha kuanzia mwaka 1956 mpango wa siri uliojulikana kwa jina la COINTELPRO, ambao haukuridhika na kuchungua bali uliazimia kuvunja, na miongoni mwa hila zake ilikuwamo ile ya kuandika barua zisizo na jina na kueneza uvumi kwamba mwanachama fulani mwaminifu ni mpasha habari wa polisi, ili wenziwe wamuadhibu wao wenyewe. Mpango huu haukujulikana mpaka Machi 1971, pale watu walipovunja ofisi ndogo ya FBI katika mji wa Media, Pennsylvania, wakachukua majalada yake wakayapeleka magazetini.

Matunda ya hila ile yaliendelea kuiva hata baada ya mpango wenyewe kusitishwa. Wahindi Wekundu wa chama cha AIM, ambao mwaka 1973 waliushika mji mdogo wa Wounded Knee, Dakota ya Kusini, kwa muda wa siku 71 wakizungukwa na askari wa dola, waligundua Machi 1975 kwamba Douglass Durham, mtu aliyekuwa karibu kabisa na kiongozi wao Dennis Banks na aliyekabidhiwa mambo ya usalama wa chama, alikuwa mpasha habari wa FBI. Hebu fikiri hali ya watu hawa: mlinzi wao ndiye aliyekuwa adui, na hadi siku ile alikuwa amewafundisha kumshuku huyu na yule. Mwaka haukupita sana kabla ya uvumi kumwelekea mwanamke mmoja wa taifa la Mi'kmaq kutoka Kanada, Anna Mae Aquash, mmoja wa waliojitolea zaidi katika chama. Ikanong'onwa kwamba naye ni jasusi, na mwezi Februari 1976 maiti yake ikaokotwa Pine Ridge, amepigwa risasi. Hakuwa jasusi. Waliohukumiwa kwa kumuua, mmoja mwaka 2004 na mwingine 2010, walikuwa watu wa AIM yenyewe. Katika habari zote nilizopata kusoma juu ya jambo hili, hakuna iliyonikaa moyoni kuliko hii, na siwezi kuiandika bila ya kusema kwamba dhambi ya damu ile imewaelemea waliofyatua risasi, lakini haikuwaacha mikono mitupu wale waliotia sumu ya uvumi katika watu waliokwisha kuwindwa kwa miaka.

Uingereza nayo ilikuwa na kikosi chake cha polisi wa siri tangu 1968, kilichoundwa baada ya maandamano makali ya kupinga vita vya Vietnam. Mwaka 1985 Cathy Massiter, aliyewahi kuwa afisa wa MI5, idara ya ujasusi wa ndani, alitangaza hadharani kwamba idara yake ilikuwa ikiwapeleleza viongozi wa CND, chama kikuu cha kupinga silaha za nyuklia, na kusikiliza simu. Basi wanawake wa Greenham waliokuwa wakiambiwa na jamaa zao kwamba wasiwasi wao umezidi wakapata ushahidi kwamba haukuzidi. Kizazi kilichofuata kilipata ushahidi mkubwa zaidi. Mark Kennedy, askari polisi aliyejiita Mark Stone, aliishi miaka saba miongoni mwa wanaharakati wa mazingira, akajulikana kama mtu mwenye gari, mwenye fedha, asiyechelewa, tayari kupakia turubai na vyakula usiku wa manane. Alikuwamo katika maandalizi ya kambi za kupinga uchafuzi wa hewa, zile zilizoanza mwaka 2006 karibu na mtambo wa umeme wa Drax, na alifanya uchumba na wanawake ambao hawakujua jina lake la kweli. Walipomgundua mwezi wa Oktoba 2010, kesi dhidi ya wanaharakati sita zikaanguka miezi michache baadaye, na mwaka 2015 polisi wa London wakawaomba radhi wanawake saba waliodanganywa kwa mapenzi na maaskari wa siri.

Kennedy alikubaliwa kwa sababu gani? Kwa sababu kazi ya usafiri ilikuwa ya yeyote mwenye gari, na hakuna aliyekuwa na wajibu wa kuuliza fedha za petroli zinatoka wapi. Na kwa sababu kuuliza swali kama lile kungaliitwa kumvunjia mwenzako heshima. Jasusi huingia kama maji yaingiavyo chomboni, pale ambapo kalafati imelegea, na mahali penyewe ni palepale nilipopataja: fedha isiyosomewa hesabu, na mamlaka yasiyo na jina. Kambi ambayo kila mtu anajua nani ameshika fedha na kwa muda gani haimfukuzi jasusi, lakini humpunguzia kazi ya kufanya. Na Greenham walikuwa na kinga nyingine, waliyoipata kwa tabia yao wenyewe ya kutenda mambo hadharani: walikata uzio wakangoja kukamatwa, wakasimama mahakamani wakaeleza kwa nini, na mwenye kusudio la kwenda kifungoni kwa hiari hana siri nyingi za kuuziwa adui.

Kwa hiyo yaliyotokea mwaka 1987 yanastahili kutazamwa kwa makini, kwa kuwa shaka iliyoigawa kambi mwaka ule haikuhitaji jasusi. Kwa miaka kadhaa lango la Manjano lilikuwa limekaribiana na kituo cha wanawake cha King's Cross, London, kilichofungamana na kampeni ya kudai kwamba kazi za nyumbani zilipwe mshahara. Na katika waliokisemea alikuwamo mwanamke Mmarekani Mweusi, ambaye aliwaambia wapigania amani wa Uingereza kwamba fedha za makombora huchotwa katika mifuko ya maskini, na kwamba harakati iliyojaa Wazungu wa tabaka la kati haina budi kujiuliza kwa nini Weusi hawaioni kuwa ni yao. Hoja hii ilikuwa ya haki. Mtu awezaye kutazama picha za kambi ile hahitaji ushahidi zaidi, na Greenham walichelewa sana kuisikiliza. Wanawake wa malango mengine hawakuikataa hoja yenyewe, angalau kwa maneno. Walichokilalamikia ni kwamba kituo kile kina nidhamu na uongozi wake, na kinaingia katika kambi isiyo na kimoja cha hivyo viwili, na kwamba kila apingaye shauri lake huambiwa kwamba amesema kwa ubaguzi wa rangi. Waliokuwa upande wa Manjano wakajibu kwamba wageni wameingia kambini tangu siku ya kwanza, wakiwamo watu wa kanisa na watu wa vyama, na hakuna aliyewaita wavamizi mpaka alipokuja aliye Mweusi.

Nimezisoma pande zote mbili, na naona kwamba kila mmoja ulikuwa na neno ambalo mwingine alipaswa kulijibu kwa utulivu. Hawakupata mahali pa kujibizana. Tofauti za chakula na dini na mapenzi ziliweza kutatuliwa kwa kuhamia lango jingine, maana mtu mwenye kula mboga hamtuhumu mla nyama kwamba hayuko katika vita. Lakini ubaguzi wa rangi na unyang'anyi wa kambi ni tuhuma zinazokwenda na mtu kila aendako, na hakuna lango la kumwokoa nazo. Zilihitaji wasikilizaji walioaminiwa na pande zote, wenye idhini ya kuuliza maswali na kutoa rai, na kambi ambayo ilikuwa imekataa kwa miaka sita kumpa mtu yeyote idhini ya namna hiyo haikuweza kuwapata kwa usiku mmoja. Marafiki wa miaka wakaacha kusalimiana. Lango la Manjano likabaki upande wake, na malango mengine upande wao, na makundi ya nje yaliyokuwa yakileta kuni na kukesha usiku yakalazimika kuchagua yanakwenda wapi. Na mwaka ule ule, tarehe 8 Desemba, Ronald Reagan na Mikhail Gorbachev wakatia sahihi mjini Washington mkataba wa kuyafuta makombora ya namna ile, yakiwamo yote ya Greenham.

Mwenye kuchukia harakati kama hizi angependa hadithi iishe hapo, kwamba waligombana wakaangamia. Sivyo ilivyokuwa. Katika miaka iliyofuata wanawake wa Manjano waliendelea kuingia uwanjani makusudi na kushtakiwa kwa sheria ndogo za mwaka 1985, na mmoja wao, Jean Hutchinson, pamoja na mwenziwe Georgina Smith, wakaifikisha hoja yao hadi Baraza la Malodi, lililokuwa wakati ule mahakama ya mwisho ya Uingereza. Mwezi wa Julai 1990 mabwana wale wakahukumu kwamba sheria ndogo zile ni batili, kwa kuwa waziri aliyezitunga hakuwa na uwezo wa kudhuru haki za wenyeji za malisho na kuni katika ardhi ile. Malango mengine nayo yaliendelea na kazi yao, yakaifuata misafara na kuikesha mpaka makombora ya mwisho yalipoondoshwa Machi 1991. Pande mbili zisizosemezana zilifanya kazi moja kwenye uzio mmoja kwa zaidi ya miaka mitatu, na sijui kambi nyingine iliyowahi kustahimili hivyo.

Lango la Manjano lilibaki peke yake hadi Septemba 2000. Miaka mitano kabla ya hapo, mwaka 1995, vilitoka vitabu viwili juu ya Greenham: kimoja cha Beth Junor, aliyekaa lango la Manjano na kuandika kwa niaba ya waliobaki, na kingine cha Sasha Roseneil, aliyekwenda kambini angali msichana na baadaye akawa mwanazuoni wa elimu ya jamii. Mwaka 1987 unavyosimuliwa katika kimoja haufanani na unavyosimuliwa katika kingine, na wote wawili walikuwa watu wa Greenham. Ningewashauri vijana wanaojiandaa leo kupiga mahema mahali popote wavisome vyote viwili, wakianza na kile ambacho wanadhani hawatakipenda, kabla ya kununua turubai.